Wiki Mbili za Mwalimu Ratiba

Wanafunzi walimwita Ratiba, na yeye alijua, na moyoni jina lilimpendeza. Wapo walimu waliopewa majina ya wanyama, na yupo mmoja aliyeitwa Kikohozi mpaka akastaafu nalo. Kuitwa Ratiba, kwa mwalimu wa taaluma ambaye kazi yake ni kupanga vipindi na mitihani ya shule nzima, ilikuwa karibu sawa na kuvishwa nishani. Ofisini kwake ukuta mmoja ulifunikwa na karatasi za manila zilizobandikwa ncha kwa ncha, kila somo na rangi yake: Hisabati bluu, Kemia kijani, na Jiografia, somo alilolifundisha mwenyewe, nyekundu iliyokolea, ili ionekane tangu mlangoni.

Kila mwanzo wa muhula alisimama mbele ya shule nzima mstarini na kuhutubia juu ya kujipanga. Muhula huo hakubadilisha kitu.

"Mnalalamika kwamba masomo manane ni mengi," alisema, mikono nyuma, tumbo mbele. "Manane! Mimi enzi zangu nilikuwa nayo tisa, na kabla sijaenda shule nilikuwa nimeshateka maji safari mbili. Masomo hayawi mengi, mtu ndiye anayekuwa hovyo. Jipangeni!"

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walimtazama kama watu waliojibanza barazani wakisubiri mvua ipite. Katikati yao alikuwamo bintiye, kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na saba, ambaye yeye hakutazama popote ila viatu vyake.

Jumamosi iliyotangulia binti huyo alikuwa amemfuata baba yake sebuleni. "Baba," alisema, "naomba nipunguze somo moja. Nimezidiwa."

Ratiba hakumuuliza ni somo lipi. Hakumuuliza amezidiwa vipi. Alinyanyuka, akaleta rula na kalamu za rangi, akamchorea ratiba ya wiki nzima, pamoja na dakika kumi za kuoga. Alijiona baba wa mfano. Binti aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili na kusema, "Asante, Baba," kwa sauti ambayo mtu huitumia kupokea dawa ya minyoo.

Sasa, shule ilikuwa na sanduku la maoni, na kila Ijumaa mkuu wa shule alilifungua na kusoma vikaratasi mbele ya watu wote. Mkuu alikuwa mama mpole wa sura, ambaye upole wake uliishia hapohapo usoni. Ijumaa hiyo alisoma kimoja kuhusu vyoo, kimoja kuhusu kengele, kisha akakunjua cha tatu, akatabasamu, akarekebisha miwani.

"'Tunaomba mwalimu wa taaluma akae darasani kwetu wiki mbili,'" alisoma polepole, "'afanye masomo yote manane na kazi zote za nyumbani, halafu atueleze tena kuhusu kujipanga. Ni sisi, mwaka wa mwisho.'"

Kilichotakiwa kwa Ratiba ni kucheka tu, kupunga mkono, mambo yaishe. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wake ulikiponza kichwa, magoti na mgongo.

"Wiki mbili?" alipaza sauti. "Hata mwezi!"

"Wiki mbili zinatosha," alijibu mkuu, upesi mno kiasi kwamba baadaye Ratiba alijiuliza kama kikaratasi kile hakikutoka mezani kwake. "Utaanza Jumatatu. Na alama zako tutazisoma hapahapa."

Nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani yake chumba cha mbele, pini nne mdomoni. Aliposikia habari alicheka mpaka ikabidi azitoe pini moja moja asije akameza.

"Baba watoto, hukuweza kunyamaza tu?"

"Ni jambo dogo. Mtu aliyejipanga—"

"Baba," alikatiza binti kutoka mlangoni, "tukubaliane kitu. Darasani hatujuani."

"Hatujuani vipi? Mimi ni baba yako."

"Nyumbani. Kule wewe ni mgeni. Kaa nyuma."

Akakaa nyuma. Dawati lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na magoti. Jirani yake alikuwa msichana aliyepewa jina la Kifutio kwa sababu alifuta zaidi ya alivyoandika. Mezani kwake kulikuwa na chengachenga za mpira kama nyumba iliyoingiwa na mchwa. Msichana alimsogezea kitabu bila kusema neno, kwa huruma, na huruma hiyo Ratiba hakuipenda.

Kipindi cha tatu kilikuwa cha Kemia. Mwalimu wa Kemia alikuwa mwanamke kijana ambaye Ratiba mwenyewe alimfundisha Jiografia miaka kumi iliyopita, kwa hiyo alitarajia heshima kidogo. Swali lilipoulizwa aliitikia kwa sauti nzito pamoja na darasa zima.

"Wewe wa nyuma," alisema mwalimu, "usiitikie kama kwaya. Nyoosha mkono. Haya, jibu ni nini?"

Ratiba hakuwa na jibu. Alikuwa na sauti tu.

Mpaka kengele ya mwisho walimu watano walikuwa wameacha kazi ya nyumbani, na kila mmoja alisema maneno yaleyale: "Ni kidogo tu, nusu saa." Ratiba alikuwa ameyatumia maneno hayo miaka ishirini na minne, na mpaka siku hiyo aliamini ni yeye aliyeyabuni.

Alifika nyumbani akachora ratiba. Saa kumi mpaka kumi na nusu, Hisabati. Kumi na nusu mpaka kumi na moja, Kemia. Na kuendelea hivyo, hadi mwisho wa ukurasa kulipobaki dakika arobaini za kupumzika, alizozipaka rangi ya waridi. Kisha akafungua Hisabati. Saa kumi na moja na robo alikuwa bado kwenye swali la kwanza, na maswali yalikuwa kumi na tano. Akalisogeza daftari pembeni kama mtu anayesukuma sahani asiyoipenda, akafungua Kemia, akakunja mikono, akasubiri irudi.

Aliamini itarudi. Kitu ukishakisoma hakipotei. Ndivyo alivyowaambia watoto wa watu kila mwaka. Alisubiri kwa muda mrefu. Hakuna kilichorudi, kwa sababu hakuna kilichowahi kuwapo. Pale mezani, kalamu mkononi, ndipo ukweli ulipomjia taratibu kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu: hakuwahi kusoma Kemia mpaka mwisho. Aliiacha muhula wa pili, kwa ruhusa ya mwalimu wake, mzee mmoja aliyemwambia kwa upole, "Mwanangu, hii iache, usije ukatuunguza." Fizikia nayo hakuisoma kabisa. Alihesabu kwa vidole mara mbili. Masomo yake ya enzi zile yalikuwa sita. Yalianza kuwa saba alipoajiriwa, yakafika manane alipooa, na yakatimia tisa siku alipokabidhiwa ufunguo wa ofisi. Na yale maji ya safari mbili, aliyeyateka alikuwa dada yake.

Hakumwambia mtu. Alimgeukia bintiye, aliyekuwa upande wa pili wa meza, kichwa kimezama kwenye Baiolojia.

"Mama," alisema kwa kubembeleza, "hebu nisaidie hapa kidogo."

"Nina zangu, Baba," alijibu binti bila kuinua kichwa. "Jipange."

Chumba cha mbele cherehani ilinyamaza ghafla, na Ratiba alijua mkewe anaziba mdomo na kitambaa cha mteja.

Jumatano kilikuja kipindi cha Jiografia. Vipindi vyake vilikuwa vimepewa kijana aliyekuja shuleni kwa mafunzo ya ualimu, mwoga, mwenye shati lililofungwa hadi kifungo cha shingo. Alifundisha akisoma maandishi ya Ratiba mwenyewe, kisha akagawa kazi: zoezi la ramani, kurasa nane.

"Samahani, mwalimu," alinong'ona alipofika dawati la nyuma. "Ni lako. Nimelikuta kabatini."

Zoezi lile Ratiba alikuwa akilionea fahari. Shule mbili za jirani zilikuwa zimeliomba. Alilianza mchana wa Jumatano kwa kujiamini, akalimaliza Alhamisi alfajiri, mgongo umekauka kama ubao. Ukurasa wa tano ulimtaka apake rangi mito yote, aiorodheshe kwa urefu, halafu "atoe maoni yake". Maoni aliyokuwa nayo hayakuandikika. Alijiuliza ni mtu wa namna gani anayeketi kwenye kiti chake, ameshiba, na kumtuma mtoto wa mwenziwe akapake mito rangi. Na kila alipojiuliza, jibu lilikuwa limevaa soksi zake.

Kwa ajili ya mito hiyo hakugusa Historia. Mwalimu wa Historia alikuwa rafiki yake wa chai, mtu waliyecheka pamoja miaka yote. Alimsimamisha.

"Kazi yako iko wapi?"

"Nilikuwa na Jiografia, mwalimu."

"Kwani Historia si somo?"

Darasa likacheka, na Ratiba akabaki amesimama, masikio yanamchoma. Maneno yale aliyajua. Alishawahi kumwambia binti wa mtu, hapo hapo, akabadilisha tu jina la somo, na yule binti alilia, naye akaandika kwenye ripoti yake: hapokei ushauri.

Mapumziko yalipofika Kifutio alimvuta pembeni, nyuma ya maabara.

"Mwalimu, tumekuonea huruma. Tumejadiliana. Tunakuingiza."

"Mnaniingiza wapi?"

Msichana alitazama kushoto na kulia, akafungua jalada la kamusi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ratiba. Nzuri kuliko zote alizowahi kuziona, mistari imenyooka, kila somo na rangi yake: Hisabati bluu, Kemia kijani, Jiografia nyekundu iliyokolea. Lakini penye saa palikuwa na majina.

"Kila kundi lina watu wanane," alieleza Kifutio. "Mmoja somo moja. Unalifanya vizuri kabisa, wengine wanakopi kwako. Wiki ijayo tunabadilishana, ili kila mtu ajifunze kidogo kidogo. Bila hivyo tungekuwa tumeshakufa. Sisi tuko saba, mmoja alihama. Wewe tunakupa Jiografia, maana unaiweza kidogo."

"Kidogo?"

"Yule mwalimu kijana ameshasahihisha. Umepata kumi na moja kwa ishirini. Ameandika, 'Majibu marefu mno, fuata maelekezo.'"

Ratiba aligeuza karatasi ile kutafuta pa kuyaweka macho yake. Upande wa nyuma kulikuwa na ratiba nyingine, ya zamani kidogo, mistari ya rula, na chini kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe: kuoga, dakika kumi. Akaigeuza tena upande wa mbele na kuutazama mwandiko wa majina. Hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti huyo kuandika.

Alikasirika. Ni haki yake kusemwa hivyo: alikasirika kwa dakika tano nzima. Kanuni ya shule juu ya kunakili aliiandika yeye: anayenakili na anayenakiliwa wote wataitwa pamoja na wazazi wao. Alikuwa tayari amegeuza kiatu kuelekea ofisini wakati kengele ilipolia. Kipindi kilichofuata kilikuwa Kemia, na daftari lake la Kemia lilikuwa jeupe kama sanda. Kanuni zilikuwa mbali ofisini. Kemia ilikuwa mlangoni.

"Lete," alisema.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alikula akiwa amekaa.

Mwisho wa wiki alijiambia kwamba anachunguza. Jambo kama lile, alijiambia, huwezi kulikomesha bila kulielewa kwanza, na huwezi kulielewa bila kuwa ndani. Akafanya Jiografia ya watu wanane, kwa majibu mafupi, na akanakili kazi saba zilizobaki kwa ajili ya uchunguzi.

Jumanne ya wiki ya pili mwalimu wa Kemia aliingia na madaftari kifuani. Aliyagawa yote isipokuwa moja.

"Hili ni la mgeni wetu," alisema. "Nasoma swali la nne. 'Hapa sijaelewa, nitamuuliza dada Jumamosi.'" Alishusha daftari. "Mwalimu wangu, dada huyo ni yupi?"

Dada yake Ratiba alikuwa na miaka sitini na mitatu, na jambo pekee alilojua juu ya asidi ni kwamba ndimu inayo. Darasa lilianza kuvimba kwa kicheko, kisha, kadiri watu walivyofikiri, kicheko kikanywea. Kando yake Kifutio hakupumua. Mstari wa pili kutoka mbele, bintiye hakugeuka, lakini kalamu yake ilisimama.

"Umenakili kwa nani?"

Ilikuwa rahisi. Jina moja tu, na lilikuwa sentimita thelathini kutoka kiwiko chake. Kwa miaka mingi alikuwa amewauliza watoto swali hilo kwa sauti hiyohiyo, akiwashangaa wasiojibu, akiwaita wakaidi. Sasa alisimama, magoti yakigonga dawati, akahisi jinsi jina la mwenzako linavyokaa kooni.

"Nimenakili," alisema. "Kwa nani, sisemi."

"Kanuni unaijua."

"Naijua."

"Basi mzazi aje kesho."

"Wazazi wangu walishatangulia mbele ya haki, mwalimu."

"Mlezi," alisema mwalimu wa Kemia, naye hakucheka hata kidogo.

Mkewe alikuja Jumatano, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, ameacha gauni la bibi harusi halijapindwa upindo. Kikao kilifanyika katika ofisi ya taaluma, chini ya karatasi za manila. Mkuu wa shule alikalia kiti cha Ratiba. Ratiba alikalia kibao kidogo ambacho huwekewa wanafunzi, na akagundua kuwa mguu mmoja wa kibao kile ni mfupi. Hakujua ni miaka mingapi watoto walikuwa wakiyumba pale mbele yake naye akidhani wanatetemeka kwa hatia.

"Mama," alianza mkuu kwa sauti ya kikao, "kijana wako amekamatwa akinakili."

"Nimesikia, na nimesikitika," alisema mkewe, akitikisa kichwa. "Nyumbani tunamlea vizuri. Sijui tabia hizi kazitoa wapi."

Mwalimu wa Kemia aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Mkuu alijikohoza. Hata Ratiba alitabasamu, na hapo ndipo mkewe alipoacha mzaha.

"Lakini kwa kuwa mmeniita, niseme," alisema, akiuvuta utepe shingoni na kuukunja taratibu kidoleni. "Huyu mkubwa ana wiki moja na siku tatu. Suruali nimeshambania kiunoni. Ukimuuliza jana alikula nini, hajui. Sawa, yatakwisha Ijumaa. Nina mwingine, mdogo, yuko darasa hilohilo. Sketi yake ya shule nimeipunguza mara tatu tangu mwaka jana. Mara ya kwanza nilidhani anakua. Mara ya pili nikadhani ni usichana, wanapenda kubana. Mara ya tatu nilikuwa na pini mkononi, amesimama mbele yangu, akasinzia amesimama. Amesimama, mkuu, kama farasi. Huyo hakuna aliyeniita kuja kumzungumzia."

Nje mtu alikuwa akiburuta dawati sakafuni. Ratiba alitazama mikono yake. Alikuwa akiishi nyumba moja na sketi ile. Alikuwa ameiona kwenye kamba ya nguo asubuhi hiyohiyo.

"Naomba kusema," alisema, na kwa mazoea ya wiki mbili akanyoosha mkono.

"Sema," alisema mkuu.

"Sikuwa na masomo tisa. Nilikuwa na sita."

"Na Kemia?" aliuliza mwalimu wa Kemia.

"Niliiacha muhula wa pili."

"Nilijua tu," alisema mwalimu huyo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika.

Juu ya ile karatasi ndani ya kamusi hakusema neno, siku hiyo wala nyingine. Kama mwalimu wa taaluma alijua amekosa. Kila alipojaribu kujutia, alikumbuka jinsi mistari ile ilivyonyooka.

Ijumaa aliomba kikao cha walimu. Hakuhutubia. Alibeba mfuko wake wa madaftari ya wiki mbili akaumimina mezani, katikati ya vikombe, na kumwomba kila mwalimu aseme kazi yake huchukua muda gani. "Nusu saa tu," alisema wa Fizikia. "Nusu saa, hata haifiki," alisema wa Baiolojia. Walipofika wa nane, hata waliokuwa wakisema walianza kusikia wanachosema. Msidhani mambo yalinyooka. Mwalimu wa Hisabati alisema Hisabati bila mazoezi ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kitandani. Mwalimu wa Historia alinuna, na kwa wiki nzima chai alikunywa peke yake. Wakabishana saa mbili. Mwishowe mkuu alikata shauri: masomo matatu tu yataacha kazi kwa siku, yaandikwe ubaoni kila asubuhi, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyezidiwa anaweza kupunguza somo moja lisilo la lazima, kwa ruhusa ya maandishi. Ubao ule uliheshimiwa kwa wiki tatu. Ya nne Hisabati ilianza kujiandika pembeni, kwa herufi ndogo.

Jumatatu iliyofuata kikao hicho alama zake zilisomwa mstarini kama walivyokubaliana. Kiswahili, sabini. Kiingereza, sitini na moja. Jiografia, hamsini na nane, na hapo shule ilipiga kelele mpaka ndege wakaruka juu ya paa. Historia, arobaini na nne. Baiolojia, thelathini na sita. Hisabati, thelathini na moja. Fizikia, ishirini na mbili. Kemia, kumi na tisa. Aliposikia kumi na tisa, Kifutio alipiga makofi kwa dhati, maana kazi ile ilikuwa yake. Tangu siku hiyo jina la Ratiba lilipata mpinzani; wapo waliokuwa wakimwita Dada Jumamosi, na alipolisikia mara ya kwanza korido nzima ikajifanya inafunga kamba za viatu. Aliendelea kutembea. Hakuumia alivyotarajia.

Mchana huo bintiye alibisha hodi ofisini, akiwa na fomu. Akasimama wima kama mwanafunzi yeyote, kisha akakumbuka kwamba wiki mbili zimekwisha, akaketi, kibao kikayumba.

"Samahani na hicho kiti," alisema Ratiba. "Ni lipi?" Aliuliza kabla hajaichukua fomu. Alitaka kuwa ameuliza.

Binti aliisukuma karatasi mezani. Penye nafasi ya somo palikuwa na neno moja.

"Jiografia," alisoma Ratiba.

"Ndiyo, Baba."

"Langu."

"Ni Jiografia, Baba. Si wewe."

"Najua. Nauliza tu." Aliziweka sawa kalamu ambazo zilikuwa sawa. "Kwa nini lisiwe, kwa mfano, Kemia?"

"Nataka kusomea ufamasia. Ningekwambia siku ile, ila ulikwenda kuleta rula." Hakusema kwa ukali. "Nahitaji Kemia, Baiolojia, Fizikia na Hisabati. Lugha ni za lazima. Inabaki Historia na Jiografia."

"Na Jiografia huipendi?"

Binti alifikiri, kwa haki kabisa. "Nilikuwa naipenda. Mpaka ukurasa wa tano."

Ratiba alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta, na bintiye, ambaye alikuja amejiandaa kwa hotuba, hakujua aweke wapi uso wake, mwishowe akacheka naye. Fomu ilitaka saini tatu: ya mwalimu wa somo, ya mwalimu wa taaluma, na ya mzazi. Ya mwalimu wa somo aliitia kwa mkono uliositasita, kama mtu anayesaini hati ya kufukuzwa kazi. Ya taaluma aliipigia mhuri. Ya mzazi akaitia papo hapo, na akashangaa kuona kwamba ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote.

Siku ya pili yake alirudi kufundisha mwaka wa mwisho. Somo lilikuwa mvua: namna mawingu yanavyojikusanya, na kwa nini upande mmoja wa mlima hunyeshewa na wa pili ukakauka. Mstari wa pili kutoka mbele kiti kimoja kilikuwa kitupu, na mara mbili alikitazama alipotaka kuuliza swali. Kijana wa mafunzo alikuwa ameketi nyuma na daftari, akiandika kila neno.

Alipokuwa akichora mlima ubaoni alitupa jicho nje. Chini ya dirisha, kwenye ngazi za maabara, bintiye alikuwa amekaa kivulini na kitabu cha Fizikia mapajani. Kitabu kilikuwa wazi. Kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta, mdomo umefunguka kidogo, na mkono mmoja uliokuwa umeshika kalamu ulikuwa umelegea pembeni. Kwa ratiba aliyoibandika yeye, kipindi kile kilikuwa cha kujisomea, na mwanafunzi anayelala kipindi cha kujisomea huandikwa jina.

Alisogea dirishani, akalivuta taratibu lisigonge, akarudi ubaoni na kuendelea na mvua, sauti ameishusha kidogo.